Rivyu ya Programu za Mahubiri: Nyota Tatu, na Mbili Nilizozibana Nitasema Zimeenda Wapi

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aende zake: tatu kati ya tano. Narivyu hizi programu za video za bure tunazosikilizia mahubiri kwenye simu, zile zenye chaneli za watumishi elfu kwa elfu, unafungua tu unakuta mtu yuko madhabahuni anahubiri, akimaliza huyo anakuja mwingine mwenyewe wala hujamuita. Jina la niliyonayo sitaji, maana nimetumia zaidi ya moja na kiukweli zinafanana kama mapacha, na sitaki hapa tuanze ligi ya ipi kali kuliko ipi. Mimi nazirivyu kama mkristo anayezitumia, na nitazibana hasa kwenye swali moja: hii huduma inamuweka nani sikioni mwangu, na nani kamchagua?

Tuanze na sifa maana zipo na ni nyingi, tusiwe watu wa lawama tu.

Mtu aliyelazwa hospitali, mtu wa shifti ambaye jumapili yuko kazini, mama anayelea mtoto mchanga, huyu zamani alikuwa anakaa wiki nzima bila neno lolote isipokuwa mtu amtembelee, sa hivi anafungua simu anapata ibada nzima, nyimbo, maombi, mahubiri, na akitaka anarudisha nyuma pale mchungaji aliposema jambo zito akalisikiliza upya. Hiyo tu inastahili nyota mbili. Halafu kuna mafundisho ya kitabu kwa kitabu, mtu anachukua Waraka kwa Warumi anaufundisha mstari kwa mstari kwa miezi, kitu ambacho makanisa mengi hayana nafasi nacho kwa sababu jumapili ni saa chache na matangazo yenyewe yanakula nusu (wapendwa wa idara ya matangazo mnisamehe). Unaweza kupakua ukasikiliza bila bando. Unaweza kuongeza kasi ikaenda moja na nusu, japo hapo nionye, kuna watumishi ukiwaongezea kasi wanakuwa kama wanakugombeza, na yule ambaye kwa kawaida anagombeza ndo inakuwa balaa kabisa. Kutafuta somo pia ni rahisi, unaandika "msamaha" unapata mamia. Sauti safi, picha safi. Kama huduma ya kufikisha neno mbali sina neno nayo.

Sasa njoo kwenye kule kuchagua.

Watu wengi wanadhani wao ndo wanachagua wanachosikiliza. Kiasi ni kweli, ile video ya kwanza unaichagua mwenyewe. Baada ya hapo kazi inachukuliwa na algoridhimu, yaani ule mfumo unaopendekeza, na huo haujali kama anayehubiri anasema kweli, hauna hata njia ya kujua. Unachokipima ni wewe umekaa muda gani, umelaiki nini, umekomenti wapi, umeshea nini, ulichomoka dakika ya ngapi. YouTube, ambayo ndo kubwa kuliko zote kwenye mambo haya, mwaka 2012 ilibadilisha namna ya kupendekeza ikatoka kwenye kuhesabu mibofyo ikaenda kwenye kuangalia zaidi muda ambao mtu anatazama, na mwaka 2018 mkubwa wao mmoja, Neal Mohan, ambaye baadaye alikuja kuwa bosi wa YouTube yote, alisema hadharani kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda ambao watu wanatazama unatokana na mapendekezo ya mfumo. Asilimia 70. Yaani mkristo anayesema "mimi hujilisha neno mtandaoni" ajue kwamba aliyeandaa meza mara nyingi siye yeye, na pia siye mchungaji, na wala hakuna mtu pale, ni hesabu.

Siwasemi vibaya, biashara yao ni muda wetu na hawajaficha. Ila mtume Paulo alishamwandikia Timotheo kwamba utakuja wakati watu hawatataka mafundisho yenye uzima, ila "kwa kuzifuata nia zao wenyewe watajipatia waalimu makundi makundi". Zamani kujipatia waalimu makundi makundi ilikuwa shughuli, ilibidi utembee, uulize, ugharamie. Sa hivi wanakuja wenyewe mfululizo huku umelala na simu imeegemea mto. Na wanakuja wanaofanana na yule uliyempenda mwanzo. Ukisikiliza mahubiri mawili ya mafanikio, kesho yake ukurasa wako wote ni mafanikio, ukisikiliza moja la nyakati za mwisho jiandae, utapewa alama ya mnyama mpaka uogope kuwasha taa. Ukikaa humo kwa muda unaanza kuona kama kanisa zima duniani linasema kitu kimoja, kumbe ni wewe umezungushiwa ukuta.

Hapa ndo namkumbuka Ahabu, mfalme wa Israeli, na naomba tukae naye kidogo, 1 Wafalme 22. Mfalme anataka kwenda kupigania Ramoth-Gileadi, mji uliokuwa mikononi mwa Washami. Ana manabii wapata mia nne. Wote wanasema panda, Bwana atautia mkononi mwako. Mia nne kwa sauti moja! Mgeni wake Yehoshafati, mfalme wa Yuda, anasikiliza wee, anaona kuna kitu hakijakaa sawa, anauliza, hivi hapa hakuna nabii mwingine wa Bwana tumuulize? Ahabu anajibu yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini mimi namchukia, maana hanibashirii mema, ila mabaya. Sasa niambie hicho siyo kile kitufe cha "usinipendekezee chaneli hii". Kitufe hicho hicho. Ahabu alishakibonyeza kwa Mikaya zamani, na ndo maana alikuwa amebaki na wale mia nne wanaomwambia anachotaka, na Mikaya mpaka atumiwe mtu kwenda kumwita. Na huyo aliyetumwa njiani anamshauri kabisa, mtumishi, wenzako wote wamesema mema kwa kinywa kimoja, na wewe sema hivyo hivyo. Hiyo ni presha ya komenti, haikuanza na intaneti.

Halafu yupo yule Sedekia mwana wa Kenaana, yeye alijitengenezea pembe za chuma kabisa akasimama nazo, akasema kwa hizi utawasukuma Washami mpaka waishe. Pembe za chuma! Huyo leo angekuwa na chaneli kubwa sana. Nenda kwenye hizi programu uangalie zile kava za video, mishale mekundu, mtumishi kashika kichwa mdomo wazi, herufi kubwa USIPOIANGALIA HII LEO UTAJUTA, utaona pembe za chuma kila kona. Mwalimu anayefundisha Warumi kwa utulivu kava yake ni picha ya Biblia na namba ya sehemu, nani atambofya? Na mwisho wa Ahabu tunaujua, alijibadilisha nguo akaingia vitani, mshale uliopigwa bila hata kumlenga ukampata penye maungio ya mavazi yake ya chuma, jioni akafa. Wale mia nne Biblia haisemi hata mmoja alikuja kuomba radhi.

Kwa hiyo kwenye rivyu yangu kile kitufe cha kuzuia chaneli nakipa maksi, kinafanya kazi, nimekitumia kuwaondoa watu wanaouza maji na mafuta kwa njia ya simu, ukikibonyeza wanapungua kweli. Lakini kina makali pande mbili. Nimejiwekea utaratibu, kabla sijabonyeza najiuliza huyu namuondoa kwa sababu anasema uongo au kwa sababu leo kanigusa? Mtu akihubiri habari ya kusamehe na wewe una kesi na ndugu yako, kidole kinakwenda chenyewe pale juu kwenye vidoti vitatu. Si kila anayekuudhi ni nabii wa uongo aisee.

Tuje kwenye kitu kinachonikera kupita vyote, hii "andika AMEN upokee". Video inaanza, hata mstari haujasomwa, mtu anasema andika AMEN hapo chini ndani ya sekunde kumi, shea kwa watu saba, usipoishea umefunga mlango wako. Wapendwa, hebu tuelewane hapa. Ule mfumo unahesabu komenti na kushea kama dalili kwamba video ni nzuri, kwa hiyo mtu akikuambia andika AMEN anajua anachokifanya, AMEN yako inaisukuma video yake kwa watu wengine. Sisemi wote wana nia mbaya, wengine wameiga tu wameona wenzao wanafanya. Ila Mungu kuning'iniza baraka yako kwenye kitufe cha kushea hakuna popote kwenye Maandiko, na ile ya kutishia watu kwamba wasiposhea kuna baya litawapata hiyo ni uganga umevaa suti.

Klipu fupi nazo. Hizi za nusu dakika, dakika moja. Kwenye zile nyota mbili nilizozibana hizi zimekula karibu moja nzima peke yake. Niliwahi kukutana na klipu mchungaji mmoja anasema kwa sauti kubwa kabisa, Mungu hana haja na sadaka zako, acha kutoa! Watu kwenye komenti moto, wengine wanashangilia eti hatimaye mmoja kasema ukweli, wengine wanamtukana. Nikaenda kutafuta ibada nzima, dakika kama mbili kabla ya pale alikuwa anasoma Mathayo 5, ile habari ya ukiwa umeleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, enda kwanza upatane naye, kisha urudi uitoe. Yaani mtu alikuwa anafundisha kupatana. Aliyekata kakata pale anapopumua, kaweka na muziki wa huzuni. Sasa wale walioona klipu ni wengi kuliko walioona ibada, na wamemuweka yule mchungaji kwenye kundi lisilo lake. Programu haina kosa la kukata, aliyekata ni mtu, lakini ni programu iliyoisambaza kwa sababu watu waligombana chini yake, na ugomvi ni muda.

Matangazo ya biashara yanayoingia katikati nisiyaongee sana. Mtumishi anasema tufumbe macho tuombe, umefumba, mara sauti ya kijana inapiga kelele BETI USHINDE. Ukilipia yanaondoka, ukisikiliza ulichopakua pia mara nyingi unapona. Hilo ni la kukera tu, si la hatari.

La hatari ni hili la sauti za kutengeneza. Akili mnemba sa hivi inachukua kipande cha sauti ya mtu inaiga inatoa maneno ambayo hajawahi kuyasema, na wahubiri ni rahisi kuigwa kuliko watu wengi kwa sababu wana masaa na masaa ya sauti zao mtandaoni, sauti safi, ya maikrofoni nzuri. Unakuta video ya mtumishi unayemfahamu anaomba utume pesa ili ufanyiwe maombi maalum, sura yake, sauti yake, ila siye. Niliposikia habari hizi kwa mara ya kwanza akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa mzee Isaka, Mwanzo 27. Macho hayaoni vizuri, Yakobo kaingia kavaa nguo za kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi. Isaka anampapasa anasema, "Sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau." Sikio lilimwambia ukweli! Alikuwa na mashaka, akauliza hata mara ya pili wewe ndiwe mwanangu Esau hasa? Lakini akaamini mikono, akaamini harufu ya nguo, akabariki. Mpangaji wa mambo yote yale alikuwa mtu wa ndani, mke wake. Sisi tuko kinyume kidogo, kwetu sauti inaweza kuwa yenyewe kabisa na mikono ikawa ya mtu mwingine, kwa hiyo dalili ya kuangalia ni mikono, yaani inataka nini. Ukisikia mtumishi unayemjua anadai pesa kwa haraka haraka kwa namba mpya, nenda kwenye chaneli yake rasmi au piga simu ofisi ya kanisa lake, usimjibu pale pale kwenye komenti, maana atakayekujibu ni yule yule.

Lakini ukiniuliza mimi ni sauti ipi inaangusha wakristo wengi siwezi kusema hizo za kutengeneza. Nitakupeleka 1 Wafalme 13, sura ambayo haihubiriwi sana na naelewa kwa nini, inaogopesha. Mtu wa Mungu katoka Yuda kaja Betheli kumkemea mfalme Yeroboamu mbele ya madhabahu yake. Mfalme ananyoosha mkono akamatwe, mkono unakauka. Anaombewa, unapona, mfalme anasema njoo kwangu upumzike nikupe zawadi. Anakataa: hata ukinipa nusu ya nyumba yako siendi, maana nimekatazwa kula mkate wala kunywa maji mahali hapa, wala kurudi kwa njia niliyoijia. Mtihani wa mfalme kaupita safi kabisa. Sasa anapumzika chini ya mwaloni, anakuja mzee. Mzee naye anamwambia, "Mimi nami ni nabii kama wewe, na malaika akasema nami". Kaniambia nikurudishe nyumbani ule. Na Biblia inaongeza maneno mafupi sana, kwamba alimdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na njiani simba akamuua, simba akasimama kando ya maiti na punda yupo hapo hapo, hakumla mtu wala hakumrarua punda, ili watu wajue hili halikuwa la njaa.

Angalia alichoshindwa nacho. Mfalme mwenye nusu ya nyumba hakumuweza. Aliyemuweza ni mtumishi mwenzake, mzee, mwenye lugha ya kiroho, mwenye ushuhuda wa malaika. Mtu wa Mungu alikuwa na neno la Bwana mwenyewe, alilisikia mwenyewe, lakini hakuuliza hata swali moja. Wazazi na wachungaji wetu wametuonya sana juu ya miziki ya dunia, wasanii, filamu, na onyo hilo ni sawa, Zaburi ya kwanza iko pale, ile ya kutoketi barazani pa wenye mizaha, na Paulo kasema mazungumzo mabaya huharibu tabia njema. Ila mwenye mizaha unamjua ukimsikia, ulinzi umeshasimama. Anayeanza na "Bwana asifiwe mpendwa" ulinzi wako wote unakaa chini, na hizi programu kazi yake kuu ni kukuletea watu wanaoanza na "Bwana asifiwe mpendwa". Kwa hiyo wale wanaosema mimi niko salama kwa sababu simu yangu ni ya gospo tupu, mh.

Basi nimefanya nini na setingi, maana rivyu bila setingi haijakamilika. Nimezima ile ya video inayofuata kuanza yenyewe, hili ni la kwanza na ukifanya hili tu umefanya sehemu kubwa. Somo likiisha, limeisha, kimya, unabaki na ulichosikia badala ya kukifunika na kingine. Nimezima arifa za chaneli zote, nikitaka nitakwenda mwenyewe. Nimefuta historia na kuisimamisha, ukurasa wa mwanzo ukabaki hauna cha kunipendekezea cha maana, raha. Na nimetengeneza orodha ya waalimu wachache ninaowafahamu historia yao, wengine si wa dhehebu langu kabisa, na mmoja nimemweka makusudi ingawa mara nyingi hanifurahishi. Huyo ndo Mikaya wangu. Kwenye programu nyingi vitufe hivi vyote vipo, ila vimefichwa ndani ndani, unaingia mlango unakuta mlango, na programu ikisasishwa angalia tena maana kuna wakati inarudi ilivyokuwa.

Kitu kingine nilichoongeza ni programu ya Biblia ya kusikiliza. Hii naitaja jina kwa sababu ni ya kusifia, YouVersion, ya kanisa la Life.Church la Marekani, imekuwepo tangu Julai 2008 duka la programu za iPhone lilipofunguliwa, ni bure na haina matangazo ya biashara. Nikitaka kusikiliza mahubiri ya Wagalatia, kwanza nasikiliza sura yenyewe, kisha mahubiri. Unajua inasaidia nini? Mhubiri akiruka mstari unasikia karuka. Akianzia katikati ya sentensi ya Paulo unasikia. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana kwa hilo, hakuwaita wakaidi. Kwa hiyo mtumishi yeyote anayekasirika ukifungua Biblia kumhakiki anajiweka juu ya Paulo, na huyo kwangu hakuna haja ya dakika nyingine.

Na hapa nifike kwenye upungufu ambao hakuna setingi itakayouponya, ndo uliokula nyota ya pili. Waraka kwa Waebrania 13 unasema wakumbukeni waliowaongoza, waliowaambia neno la Mungu, na kwa kuuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao. Mwenendo. Kwenye skrini nitauchunguzaje? Namuona mtu saa moja, kavaa vizuri, taa nzuri, simuoni anavyomjibu mke wake, anavyomlipa anayemfagilia kanisa, anavyokuwa akikosolewa. Mchungaji wa kanisa ninakosali mahubiri yake ukiyaweka kwenye hizi programu hayapati hata watu hamsini, anarudia mifano, sauti inakwama, lakini nimemuona msibani, nimemuona akimwomba radhi mzee wa kanisa mbele ya kikao, na ananijua jina. Siku nikipotea atagundua. Chaneli yenye wafuasi milioni haiwezi kugundua kwamba mimi sijasali mwezi mzima, itagundua tu kwamba sijatazama, na itanitumia arifa. Yule "kondoo wangu waisikia sauti yangu" kwenye Yohana 10 anaendelea, "nami nawajua". Hiyo nusu ya pili haipo kwenye kifurushi chochote.

Sehemu ya komenti fupi tu: usifundishie humo. Priskila na Akila walipomsikia Apolo, mtu hodari wa Maandiko lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu, walimchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi, pembeni. Hawakumtengenezea video ya APOLO AUMBUKA. Kama una neno na mtumishi wengi wana anuani ya barua pepe, nimeandikia wawili, mmoja alinijibu kwa upole na akanirekebisha mimi.

Inamfaa nani sasa? Mgonjwa na mtu wa shifti, ndiyo, mpakulieni kabisa mafundisho mazuri kwenye simu msimuachie atafute. Mwalimu wa sunday school anayejiandaa, ndiyo. Mtu ambaye ameokoka juzi na hana kanisa bado, hapana, au basi siyo peke yake, mtafutie kwanza watu wa kukaa nao, maana huyu bado hajaizoea sauti ya Mchungaji na kila sauti kwake inafanana. Mtu aliyeumizwa na kanisa akahamia kwenye simu jumla, huyu namuelewa na simlaumu, namwomba tu atafute hata mkristo mmoja wa kusoma naye wanaonana uso kwa uso. Na watoto, hapana kabisa bila mkubwa karibu, hata zile katuni za Biblia, maana baada ya katuni ya Danieli inayofuata huijui.

Nikisikia wameweka kitufe cha kuzima mapendekezo yote mahali pa wazi, pale mbele mbele, nyota ya nne naitoa siku hiyo hiyo.